Laptopu za PowerPC hazijachoka, zimechokwa

Chukua PowerBook G4 ya mwaka 2005, laptopu ya Apple, toleo la mwisho lenye prosesa ya PowerPC ya gigahezi 1.67. Iwekee Debian, mmoja wa mifumo ya kompyuta ya familia ya Linux, fungua dirisha la amri, anza kuandika. Herufi zinatokea hata kidole hakijainuka. Ipe faili la mistari laki moja ilipange kwa alfabeti, italirudisha kabla hujakaa vizuri. Soma barua pepe kwa programu isiyo na mapambo, ingia kwenye seva iliyo mbali, hariri mswada wa kitabu kizima: hakuna kitakachokukumbusha kwamba mashine ina miaka ishirini. Kisha fungua tovuti moja tu ya habari. Feni inaanza kulia, dirisha linabaki jeupe, na una muda wa kutosha wa kwenda kunawa uso na kurudi.

Wengi huhukumu kwa tukio hilo la pili peke yake. Hukumu yao ni fupi: chuma chakavu, na anayehangaika kukiwekea Linux hana kazi ya kufanya. Wanaosema hivyo si wajinga, na baadhi ya hoja zao nitazikubali huko mbele bila kubisha. Ila naona lawama wameitua kwa asiyehusika.

Historia yenyewe inajulikana. Juni 2005 Apple ilitangaza kuhamia Intel, na Mac OS X 10.5 ya mwaka 2007 ikawa ya mwisho kuikubali PowerPC. Linux iliwabeba wenye mashine hizi muda mrefu kuliko aliyewauzia: Debian ilitoa PowerPC ya biti 32 kama toleo rasmi tangu mwaka 2000 hadi ilipoiacha kwenye Debian 9, Juni 2017. Hata leo keneli ya Linux, kiini cha mfumo, inazikubali, Debian inazihifadhi kwenye tawi lake la Ports linaloendeshwa na wajitoleaji, Linux nyingine kama Gentoo na Adélie zipo, na nje ya Linux iko mifumo ya OpenBSD na NetBSD. Kwa mashine iliyozikwa, ina wageni wengi.

Turudi kwenye ule ukurasa mweupe, maana kesi yote iko pale. Kurasa za siku hizi ni programu zilizoandikwa kwa JavaScript, na kivinjari kina njia mbili za kuziendesha. Ya kwanza ni kusoma amri moja, kuitekeleza, kisha kusoma inayofuata, kama mkalimani anayengoja kila sentensi imalizike. Ya pili ni kuitafsiri programu papo hapo iwe lugha ya prosesa yenyewe, halafu kuiachia ikimbie. Kwenye hesabu nzito, njia ya pili yaweza kuishinda ya kwanza mara kumi na zaidi. Lakini kitafsiri cha papo hapo lazima kiandikwe upya kwa kila familia ya prosesa, na mtu anayezijua amri zake moja moja. Intel inacho. ARM, prosesa za simu nyingi, inacho. Firefox ya Linux kwenye PowerPC ya biti 32 haina.

Kwa hiyo mtu akiweka G4 na laptopu ya Intel ya umri uleule, akafungua ukurasa mmoja kwenye zote mbili na kupima kwa saa, anachopima si prosesa. Mmoja kapewa baiskeli, mwingine anatembea, kisha tunatangaza kwamba miguu ya huyu wa pili ni mibovu.

Na hili si la kukisia, limeshajaribiwa. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2021 Cameron Kaiser alitunza TenFourFox, Firefox iliyorekebishwa kwa ajili ya Mac OS X 10.4 na 10.5 kwenye PowerPC, akiifanya kwa muda wake mwenyewe na kusaidiwa na wachache. Ndani yake aliweka kitafsiri cha JavaScript cha PowerPC, IonPower. G4 zilezile zilizoitwa takataka zikawa zinafungua kurasa kwa mwendo wa kuvumilika. Likatokea jambo la ajabu: kwa miaka kadhaa, aliyebaki na mfumo wa Apple wa mwaka 2005 alikuwa na kivinjari bora kuliko aliyehamia Linux mpya kabisa, mashine ikiwa ni hiyohiyo.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko inavyofaa. Tunazoea kusema kompyuta imezeeka kana kwamba kuna kitu ndani yake kimechakaa, kama raba ya tairi. Transista za G4 zinafanya leo idadi ileile ya hesabu kwa sekunde zilizofanya ikitolewa kwenye boksi. Mstari kati ya inayofaa na isiyofaa ulichorwa na idadi ya watu waliokuwa tayari kukaa na mwongozo wa prosesa ile na kuandika kitafsiri. Idadi hiyo ilikuwa karibu na mmoja, na huyo mmoja alikuwa upande wa Mac. Angekuwa upande wa Linux, mjadala huu ungekuwa na sura nyingine.

Lakini uzito wa kurasa nao umeongezeka, na hilo halitatuliwi na kitafsiri. PowerBook ya mwisho inapokea gigabaiti 2 za RAM, basi. iBook G4, ndugu yake mdogo, haifiki hata hapo. Na Kaiser mwenyewe hatimaye aliacha.

Kuna thamani nyingine ya mashine hizi ambayo haionekani dukani. PowerPC huhifadhi namba kama tunavyoiandika kwenye karatasi, sehemu kubwa ikitangulia. Intel huanza na sehemu ndogo, na ARM za leo zinatumiwa vivyo hivyo. Itifaki za intaneti zimeshika utaratibu wa kwanza, lakini waandishi wengi wa programu hawajawahi kugusa kompyuta inayoufuata, kwa hiyo huandika kana kwamba upo wa pili tu.

Matokeo yake wakati mwingine huchekesha. Rangi ya nukta moja ya skrini hukaa kwenye baiti nne: ukolezi (jinsi nukta inavyoziba kilicho nyuma yake), nyekundu, kijani, buluu. Programu iliyoandikwa kizembe ikizisoma baiti hizo moja moja kwa mpangilio wa Intel, mahali ilipotarajia buluu itaukuta ukolezi, na ukolezi kwa kawaida umejaa hadi 255. Picha nzima inazama kwenye buluu, nyekundu na kijani zimebadilishana viti, na bibi harusi anaonekana kama ametoka kuzimu. Wenye PowerPC wameyaona haya hadi wameyazoea. Mwenye Intel hatayaona kamwe, ingawa kosa limo kwenye programu yake pia, limelala tu.

Mfano wa pili ni wa kale zaidi na naupenda zaidi. Kwenye lugha ya C, aina ya data iitwayo char yaweza kubeba namba hasi au isibebe, kutegemea mashine. Kwenye Linux ya Intel inabeba. Kwenye Linux ya PowerPC haibebi. Mtu anasoma faili herufi kwa herufi, anaweka kila jibu kwenye char, anangoja -1 imwambie faili limekwisha. Kwenye Intel programu inamaliza kazi yake vizuri. Kwenye PowerPC ile -1 imegeuka 255, na programu inazunguka bila kikomo. Sasa, Linux ya ARM inafuata kanuni ileile ya PowerPC. Kila programu iliyorekebishwa kwa sababu ya malalamiko ya mtu mwenye iBook ilikuwa imeandaliwa kwa vibodi vya ARM vilivyokuja kuenea baadaye, na hakuna aliyemshukuru huyo mtu wa iBook.

Mpinzani makini atasema: kwa kazi hiyo ya kufichua makosa tunazo mashine kubwa za IBM, s390x, za biti 64, zinazofuata utaratibu wa sehemu kubwa kwanza na ambazo Debian bado inazitoa rasmi. Jibu zuri. Ila s390x ni mashine ya chumba cha seva. Hakuna anayekaa mbele yake akitazama filamu au kupunguza ukubwa wa picha za harusi, kwa hiyo makosa ya kuonekana kwa macho yatakaa humo miaka bila kuguswa. Laptopu ina skrini, na mbele ya skrini kuna mtu wa kulalamika.

Upande wa pili una hoja mbili ninazoziheshimu na moja nisiyoiheshimu.

Ya kwanza ni jasho la watu. Aina ya mashine ikiwa rasmi ndani ya Debian, inapata nguvu ya kuchelewesha wote: kifurushi cha programu kikikwama kwenye PowerPC, mtunzaji wake analazimika kushughulika na mashine asiyokuwa nayo, pengine asiyewahi kuiona. Watu wa kuubeba mzigo huo walipopungua, kuiondoa PowerPC kwenye orodha rasmi hakukuwa uadui. Tazama Itanium, familia ya prosesa za Intel: ilikuja baada ya PowerPC, ikiwa na makampuni makubwa nyuma yake, na bado keneli ya Linux iliifuta kwenye toleo la 6.7, Januari 2024, kwa kukosa wa kuitunza. PowerPC ya zamani imenusurika kwa sehemu kwa sababu inaishi nyumba moja na seva za Power ambazo IBM bado inaziuza. Anayeidai Debian irudishe toleo rasmi, bila kuleta mikono yake, anaagiza chakula kwenye meza ya watu wanaojilipia wenyewe.

Ya pili ni usalama, na hapa sina la kujitetea. Tawi la Ports halina toleo tulivu. Kilichopo ni sid, inayobadilika kila siku, na timu ya usalama ya Debian haiihudumii. Orodha ya visivyofika inarefuka: lugha ya programu ya Go haina toleo la PowerPC ya biti 32, Node.js, chombo cha kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, vilevile. Rust, lugha nyingine ya programu, inafika, lakini librsvg, maktaba inayochora ikoni za mazingira mengi ya Linux, inaitegemea Rust tangu mwaka 2017, kwa hiyo siku Rust ikivunjika kwenye PowerPC, nusu ya mazingira hayo inavunjika nayo. Anayefanya miamala ya benki kwenye mashine hii anajidanganya.

Hoja ya tatu ni ile ya "nunua Raspberry Pi", kompyuta ndogo ya bodi moja. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 inapatikana na hadi gigabaiti 8 za RAM na kuendeshwa na adapta ya wati 15, wakati chaja ya PowerBook ya alumini ni ya wati 65. Namba zote ni za kweli, na ulinganisho ni mbovu. Wati 65 za chaja ni kikomo cha kuendesha mashine, kuwasha skrini na kujaza betri kwa pamoja. Raspberry Pi haina skrini, haina kibodi, haina betri. Ukivikusanya vyote uvibebe kwenye mkoba ndipo tutazungumza. Wangesema nunua laptopu kuukuu ya Intel ya mwaka 2012, ningenyamaza.

Sitajificha pia nyuma ya hoja ya mazingira, ingawa ingenisaidia. Ripoti ya dunia ya taka za elektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilitaja tani milioni 62 kwa mwaka 2022. Kwenye mlima huo PowerBook zote zilizobaki hazitoshi hata kuitwa kokoto.

Usumbufu wa kila siku upo. Kadi ya Wi-Fi, AirPort Extreme, ni ya Broadcom, na fimuwea yake, programu ndogo inayoiendesha, lazima uitoe mahali pengine kwa sababu haigawiwi kwa uhuru. Kadi ya picha ya Radeon mara nyingi inataka uandike agpmode=-1 kwenye mstari wa kuwashia ili isigande. Hayo humalizika jioni moja. Lisilomalizika ni kulala: kwenye nyingi za Radeon, ukifunga kifuniko chini ya draiva za sasa mashine haiamki salama. Laptopu isiyoweza kulala ni nusu laptopu, na watetezi wenzangu huliruka jambo hili haraka mno.

Anayeniuliza kama aitafute moja anunue, namwambia asinunue. Aliye nayo kabatini, inayowaka, na ambaye kazi yake ni maandishi, msimbo au seva za mbali, namwambia aiwekee Linux, asiitumie kwa benki, na akiona uso wa buluu aripoti kosa.

Maana wapo watakaolipokea. Mifumo ya biti 32 ilizoea kuhesabu sekunde tangu 1970 kwa namba itakayojaa Januari 2038. Mwaka 2024 Debian ilijenga upya vifurushi vya biti 32 kwa wingi ili namba hiyo ipanuliwe. i386, familia ya Intel iliyojaa ofisi za dunia, iliachwa nje kwa makusudi ili programu zake za zamani zisivunjike. PowerPC, isiyo rasmi, ikaingizwa. Kilichobaki ni saa ya ndani ya mashine yenyewe, ambayo kama Mac za kale inahesabu tangu 1 Januari 1904. Hiyo itajaa tarehe 6 Februari 2040, na betri ndogo inayoitunza itakuwa imeshabadilishwa mara kadhaa kabla ya hapo.