Wakurugenzi wa Hoteli ya Mama Lusajo

Msiba umetukuta Mwanjelwa na hakuna aliyepitisha daftari la rambirambi. Hoteli ya Mama Lusajo imefungwa. Fremu ileile sasa inauza makava ya simu. Mtu mzima nimefika saa saba mchana, tumbo linanguruma, kijana ananiambia, "Karibu bro, protekta za kioo zimeingia." Protekta nitaila na mboga gani?

Nyie mliohamia Mbeya juzi huyu mama hamumjui. Alianza baada ya soko la Mwanjelwa kuungua mwaka 2006. Wafanyabiashara wamesukumiwa eneo la Sido, wana madeni, wana njaa, na hakuna mwenye hamu ya kurudi nyumbani kumweleza mke. Mama akatokea na masufuria mawili, mafiga, na benchi la kuazima. Wali wa Kyela, maharage, mboga ya majani. Basi. Wali ule ukifunuliwa, fundi baiskeli ng'ambo ya barabara alikuwa anaacha spoku mkononi. Mchuzi ukikuishia unasogeza sahani tu, unaongezewa, wala hujasema neno. Na madeni hakuandika popote. Ukipita anakuamkia, "Mugonile, mwanangu," anakutazama machoni, anakaa kimya. Unalipa mwenyewe, na la mwezi uliopita juu.

Madereva wa malori ya Zambia na Kongo wakaijua ile harufu. Mtu anatoka Dar na shehena yake, anakuambia Makambako hakula, Igawa hakula, njaa anaitunza. Hapo ndipo Mama alipochukua fremu, akapaka rangi ya bluu, akanunua meza na vitambaa vya maua.

Na hapo ndipo ukoo ulipogundua kwamba ni ukoo.

Wakati wa benchi la kuazima sikuwahi kumwona ndugu hata mmoja akipuliza moto. Fremu ilipopakwa rangi, wakashuka kwa mabasi. Shemeji yake kutoka Tukuyu akakalia kaunta. Wifi akashika manunuzi, na mchele tangu siku hiyo ukawa unaitwa wa Kyela kama mimi ninavyoitwa bosi na wapiga debe wa stendi. Baba mdogo hakupewa kazi, akajipa: alikaa mlangoni anahesabu wanaoingia. Kwa nini anawahesabu, hakuna aliyejua, ila saa sita kamili hesabu ilimpa njaa, akawa wa kwanza kupakuliwa. Jumapili baada ya ibada walikuja wote kukagua biashara. Ukaguzi ulianzia kwenye paja la kuku.

Mkurugenzi kila kona. Wa kuosha vyombo mmoja, naye ni Mama.

Haya yote tuliyavumilia, kwa sababu chakula bado alipika yeye. Kilichotumaliza ni Lusajo kurudi kutoka Dar na cheti cha mambo ya hoteli. Kijana mpole, salamu zake nzuri, shikamoo inatoka vizuri tu. Akafunga feni. Mbeya! Mwezi wa sita! Mtu ametoka Uyole na bajaji, meno yanagongana, masikio hayasikii, anaagiza supu ili vidole vikunjuke, juu ya kichwa chake anawashiwa feni. Tulikula tumevaa makoti na kofia za sufu, mkono mmoja umefunika sahani wali usipoe. Nikamwambia, "Lusajo, mdogo wangu, hapa si Kariakoo." Akanijibu, "Kaka, tunatengeneza mazingira." Mazingira gani tena, wakati baridi ya mlima Loleza tunaipata bure?

Ikaja menyu ya karatasi ngumu inayong'aa. Maharage yakapewa jina refu na bei ndefu kuliko jina. Wali ukawa unashindiliwa kwenye kibakuli kidogo, unapinduliwa katikati ya sahani kubwa, pembeni kipande cha karoti. Unauliza uliobaki uko wapi, unaambiwa ndiyo huo. Kuongezwa mchuzi, shilingi 500. Siku moja dereva wa lori, jitu la miraba minne, alikula sahani yake, akafuta mdomo, akauliza kwa adabu kabisa, "Sasa chakula kinakuja saa ngapi?"

Tuwe wakweli, na dunia ilichangia. Mwaka 2022 mchele ulipanda tukaanza kuusalimia kwa mbali. Halafu ukaja ujenzi wa barabara ya njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na lori likikosa pa kuegesha, dereva hashuki hata kama amesikia harufu. Vumbi nalo. Lakini jirani yao, mama ntilie asiye na cheti wala feni, alimeza vumbi hilohilo na sufuria yake mpaka leo ikifika saa nane inakwanguliwa ukoko. Yeye ndugu zake wako Chunya na nauli hawana. Ni bahati hiyo, msiidharau.

Wao wakaenda kukopa kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonga, eti waongeze tawi. Tawi! Shina lenyewe limeoza. Friji ilipanda bajaji mchana kweupe, baba mdogo yuko mlangoni, naye akaihesabu ikitoka. Ukoo ulipoona friji imeondoka, kila mtu akakumbuka kwamba ana shamba kwao.

Juzi napita mtaani kwake, naona moshi. Mama amekaa uani, kijungu cha chai ya tangawizi, karai la maandazi, benchi moja. Foleni inatoka getini. Nimekula nimesahau hata nilikokuwa naenda. Nikainua macho, nani huyu anapima ukuta kwa futi kamba? Lusajo. Karani wake baba mdogo, na daftari jipya.

"Shikamoo kaka! Hapa itakaa kaunta."

Nikamgeukia Mama: nifungie mengine kumi, haraka, kabla kijana hajafika kwenye kona.