Shemeji, Wewe Leta Waini

Hivi ni nani aliyewaambia watu kwamba Krismasi bila waini haijaiva? Mimi nimekulia kwenye Krismasi ya pilau, soda moja watoto wawili, na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na Bwana Yesu alizaliwa vizuri tu. Sasa orodha ya ukweni imetoka. Fulani mbuzi, fulani mchele wa Kyela, mwanyumba wangu yule wa bandarini kapewa maji na soda. Mimi, ambaye mshahara wangu hauhitaji maelezo, nimeandikiwa waini. Pembeni mtu kaongeza kwa kalamu nyingine: nzuri.

Maji na soda! Mwenye gari la kumfikisha mpaka mlangoni kapewa maji, mpanda daladala wa Mbagala kapewa chupa za kuvunjika.

Nikamwambia mama watoto kwa utulivu wa mkuu wa kaya, basi nitapitia Dompo hapo kwa Mangi, tamu, imetoka Dodoma kwetu, mambo yameisha. Akasema, "Dompo? Kwa baba?" Nikashuka ngazi moja: basi nichukue ya boksi, lita 5, hiyo ni zaidi ya chupa 6 kwa bei ambayo mtu anaweza kuitamka bila kukaa chini. Akasema, "Boksi? Kwetu?" Kisha akaendelea kukunja nguo. Waliooa wananielewa, nguo zikianza kukunjwa hivyo mjadala umefungwa.

Nikaenda Masaki. Habari za daladala Desemba tuziache.

Dukani kuna kiyoyozi cha kumfanya mtu aombe kazi. Kijana kavaa aproni nyeusi, mikono nyuma, akanifuata polepole. "Karibu bosi. Waini ya tukio gani?"

"Ya ukweni."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mtakula nini?"

Nikamtajia: pilau, mbuzi wa kuchoma, kuku, kachumbari yenye pilipili. Akafumba macho kidogo, akaanza. Eti nyekundu nzito ina tanini, ile inayokaza fizi, ikikutana na pilipili mdomo unawaka mara mbili. Kwa hiyo pilau na kachumbari nitafute nyeupe yenye utamu kidogo, ipoe hasa. Mbuzi ndiye anayetaka nyekundu, Syrah au Pinotage. Kumbe wali una ya kwake na nyama ina ya kwake! Nyumbani kwangu maji ya ndoo yanashushia ugali, dagaa na dawa za malaria, na hakuna aliyelalamika.

Akanieleza Pinotage ni zabibu iliyopatikana Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, profesa mmoja Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Nikamuuliza kama profesa naye alikuwa na wakwe. Hakucheka. Vijana wa siku hizi wanafundishwa kazi vizuri sana.

Tukawa tunatembea kuelekea kulia, na kila hatua bei inapanda. Mlangoni 15,000. Katikati 40,000. Mwisho tukafika kwenye kabati lenye kufuli. Akalifungua, akatoa chupa moja kwa mikono miwili: shilingi 380,000. Mimi nikapiga hesabu kimyakimya. Mililita 750, ukimimina kistaarabu ni glasi 5. Yaani glasi moja 76,000. Na nina shemeji anayemaliza glasi kwa mkupuo mmoja huku bado anaongea.

"Kwa nini bei hivi?"

"Imekaa miezi 18 kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa, bosi."

Mimi nimekaa kwenye kiti kimoja ofisini tangu Mkapa yuko Ikulu, sijaona aliyenipandisha bei.

Akasema nisikate tamaa, kuna nyingine imeshafunguliwa, ya jirani na hiyo, nionje. Akanimiminia kiasi cha dawa ya mafua ya mtoto mchanga. "Zungusha." Nikazungusha. "Nusa." Nikanusa. Pua nimeiingiza mpaka ndani, miwani ikagonga glasi, mama mmoja wa kizungu kapita na kitoroli ananiangalia.

"Unasikia nini?"

"Nasikia njaa."

"Hapana bosi, harufu. Utasikia tumbaku, ngozi, halafu mwishoni udongo uliolowa mvua."

Udongo uliolowa! Kijana, mimi nakaa Mbagala. Udongo uliolowa nanusa bure kuanzia Machi mpaka Mei, na mwingine unaingia wenyewe mpaka sebuleni bila kubisha hodi. Ngozi nainusa kila nikivua viatu. Tumbaku ipo kwa mpangaji wa chumba cha mbele. Leo nitoe laki tatu na themanini kununua vitu ambavyo mwenye nyumba nimemwandikia barua aviondoe?

Akaniacha nipumue, akaendelea na masharti. Chupa yenye kizibo cha koki ilazwe, isisimamishwe, kizibo kikikauka hewa inaingia. Ilazwe wapi? Wageni wenyewe nikipata sina pa kuwalaza. Nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Nikamuuliza chumba cha nani. "Cha kawaida tu bosi, digrii 16 mpaka 18." Digrii 16, Dar es Salaam, tarehe 25 Desemba! Akakubali kwamba hayo ni maneno ya Wazungu wa zamani kwenye nyumba zao za mawe, kwa hapa niiweke kwenye friji nusu saa kabla. Friji nalo linataka umeme, na ya umeme tusiyafungue sasa hivi.

Akagusia na shampeni. Ya kweli inatoka Champagne kule Ufaransa peke yake, nyingi tunazofyatulia maharusi kumbini ni jamaa zake wa mbali, na mtu mwenye akili akitaka ya mapovu kwa bei nafuu achukue Cap Classique ya Afrika Kusini, maana nayo inachachushwa mara ya pili ndani ya chupa vilevile. Hapo heshima ikaniishia.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mimi nataka chupa ambayo baba mkwe akiiona tu, atajua nimeumia."

Basi! Laiti angeanza hapo. Alinielewa papo hapo, akanirudisha rafu ya katikati, akatoa nyekundu ya 45,000. "Hii, bosi. Chupa nzito, chini ina shimo refu, lebo haina picha ya mnyama." Nikauliza kama uzito wa chupa unaongeza ladha. Akaangalia huku na huku. "Hauongezi kitu. Ila wazee wanaupenda."

Na Krismasi iliyopita mwanyumba alileta ya kwenye sanduku la mbao. Ikafunguliwa kwa sala. Mzee akaonja, akanyamaza, akauliza kwa upole kama imechacha. Shangazi akaipooza kwa Sprite. Kilichoisha mpaka tone la mwisho ni ile Dompo ya uani waliyonunua wapishi, na mwanyumba mwenyewe nilimkuta huko na kikombe.

Halafu kule Hombolo na Mpunguzi, Dodoma, watu wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka na kila msimu wanalia soko. Kuna nyekundu kavu ya zabibu za Makutupora, ukimiminiwa bila kuonyeshwa lebo unasifia Ulaya. Lakini ukifika nayo ukweni unaulizwa umepitia gengeni?

Na tutainywea wapi? Glasi za waini ukweni hazipo. Kuna vikombe vya harusi, vile vyenye picha za maharusi. Kuna kimoja kimeandikwa Milele Pamoja 2016, hakuna anayekitaka mezani, maana bibi harusi wa kwenye kikombe yuko Mwanza na ana watoto wawili na mtu mwingine. Mwenye kikombe sasa anaoa tena, Aprili. Kadi ya mchango imeshafika, mtu na mkewe laki mbili. Na ile ahadi yangu ya 2016 sijaimaliza, nilibakiza 50,000, mweka hazina ni yuleyule na daftari ni lilelile. Nimemuuliza kwa adabu zote kama zile nilizokwisha kutoa haziwezi kuhamishiwa kwenye ndoa hii. Kasema niwasilishe hoja kwenye kikao, Jumapili saa kumi, na kila mjumbe aje na kinywaji chake.