Tunajua fedha zipo, shughuli ni kuzifikia

Mwandishi wa makala hii anasema vijana wa nishati jadidifu hatupati fedha za Umoja wa Ulaya kwa sababu hatuna habari nazo. Habari tunazo sana! Kikundi chetu hapa Arusha, tunaotengeneza majiko ya umeme wa sola, tulishajaribu Horizon Europe, mpango wa Umoja huo wa kufadhili utafiti na ubunifu. Kwanza unasajili taasisi upewe namba ya tarakimu 9. Hapo ni kazi ndogo. Kisha unaambiwa kwa kawaida ziwepo taasisi 3 za nchi 3 za Umoja au zilizojiunga na mpango huo, angalau moja iwe ndani ya Umoja wenyewe, ndipo wewe Mtanzania uingie wa nne. Fedha unaruhusiwa kupewa, lakini nani Ulaya anakufahamu? Tuliandika barua pepe mpaka vidole vikauma, chuo kimoja tu ndicho kilichojibu, nacho kikatuunganisha na wenzake.

Kilichotumaliza ni saa. Mwisho wa kutuma maombi ilikuwa saa 11 jioni ya Brussels. Mwenzetu akajumlisha saa 2 kupata saa za kwetu, kumbe kiangazi wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 1. Saa 12 na dakika 10 anabonyeza kutuma, kitufe kimeshakufa. Miezi minne ya kazi, na mama ntilie alikuwa ameshatuletea pilau ya kusherehekea (tuliila hivyo hivyo).

Kama kuna mtu aliyeko chuo cha Ulaya anayetafuta mshirika wa kujaribu majiko vijijini, aandike hapa chini. Safari hii saa nitahesabu mimi.