Usingoje binti avunje ungo ndipo umkague mgongo

Fundi cherehani anaweza kuuona mgongo uliopinda kabla ya mzazi. Sketi ya shule imepimwa vizuri, upindo umeshonwa sawa, lakini binti akiivaa inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Fundi anaifumua na kuirudia, na bado inapanda. Kosa haliko kwenye sketi. Kiuno kimekaa mshazari kwa sababu uti wa mgongo umekwenda ubavuni.

Tumezoea neno kibiongo, lakini kibiongo ni mgongo uliotokeza nyuma. Huu ni mwingine. Uti hupinda kwenda upande kama herufi S au C, na papo hapo pingili zake hujisokota na kuzivuta mbavu. Madaktari huuita skoliosisi, pale mpindo unapofika nyuzi 10 kwenye eksirei. Kati ya vijana 100, kama 2 au 3 wanao, na wengi wao mpindo ni mdogo usiohitaji tiba yoyote. Inapofika nyuzi 30 na zaidi, wasichana ni wengi kuliko wavulana mara kadhaa. Kwa wengi chanzo hakijulikani. Begi zito la shule si chanzo, wala godoro, wala kukaa kwa kujikunja, na mzazi asijilaumu.

Ninachokipinga ni mazoea yetu ya kungoja. Tunangoja maumivu, na mpindo wa ujanani mara nyingi hauumi. Tena tunamwona binti bado mtoto mpaka avunje ungo, ndipo tuanze kuuangalia mwili wake. Lakini mpindo hukimbia pale urefu unapokimbia, na msichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi miezi 6 hadi 12 kabla ya hedhi ya kwanza. Baada ya hapo hubaki takriban miaka 2 ya kukua, tena kwa kasi inayopungua. Anayeanza kukagua siku hiyo amekuta muda mzuri wa tiba umeshaliwa. Mimi nasema msichana akaguliwe kila miezi 6 tangu ana miaka 10, na mvulana tangu 12.

Mama au shangazi anaweza kufanya kazi hiyo chumbani, mchana, khanga ikiwa imefungwa kiunoni na mgongo uko wazi. Kwanza asimame bila viatu. Tazama kama mabega yako sawa, kama kombe moja la bega limetokeza, na kama nafasi kati ya mkono na kiuno inalingana pande zote mbili. Kisha aunganishe miguu na viganja, magoti yanyooke, ainame taratibu mpaka mgongo ulale kama meza. Wewe piga magoti nyuma yake, macho yawe usawa wa mgongo. Ukimtazama umesimama, nundu itakupita. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, hiyo ndiyo dalili. Mrudie akiwa ameketi kwenye kigoda: nundu ikipotea, huenda ni mguu mmoja mfupi kuliko mwingine.

Hospitalini, eksirei ipigwe akiwa amesimama, kwa sababu akilala mpindo hupungua na picha hudanganya. Mionzi iingie kwa nyuma, ili matiti yanayochipua yapate kidogo. Na usiondoke na maneno "umepinda kidogo". Omba namba iandikwe, yaani nyuzi za mpindo, ambazo madaktari huziita pembe ya Cobb, pamoja na hatua ya ukuaji wa mifupa. Bila namba, miezi 6 baadaye hamna cha kulinganisha. Vipimo viwili vya mgongo uleule huweza kutofautiana kwa nyuzi 5, kwa hiyo kutoka 22 hadi 24 kusikutie hofu. Kutoka 22 hadi 29 ni habari nyingine kabisa.

Chini ya nyuzi 25 huangaliwa tu kila miezi 4 hadi 6. Kati ya 25 na 40, kijana akiwa bado anakua, huvishwa brezi ngumu ya plastiki iliyotengenezwa kwa kipimo cha mwili wake. Mpindo unapokaribia nyuzi 50, mazungumzo huwa ya upasuaji wa kuunganisha pingili kwa skurubu na vyuma, kwani mpindo wa namna hiyo huweza kuendelea kuongezeka hata utu uzimani.

Brezi ndiyo inayonigusa zaidi, maana hushindwa kwa sababu ndogondogo. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa 72 kati ya 100 waliovaa hawakufika nyuzi 50, dhidi ya 48 kati ya 100 wasiovaa. Kwa waliovaa takriban saa 13 na zaidi kwa siku, 90 au zaidi kati ya 100 hawakufika nyuzi hizo. Kwa hiyo hesabu ni ya saa, na usiku unahesabika. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, ndani avae fulana nyembamba ya pamba, ivutwe isiwe na kunjo, ibadilishwe ikilowa jasho. Asipake mafuta chini ya brezi, ngozi italainika na kuchubuka. Wekundu usiofifia ndani ya nusu saa baada ya kuivua ni kazi ya kumrudia fundi wa viungo aliyeitengeneza, si sababu ya kuitupa kabatini. Na mwelezeni kijana mapema kwamba kazi ya brezi ni kuzuia mpindo usizidi. Aliyeahidiwa kunyooka huivua mwezi wa tatu tangu aanze kuivaa.

Mikanda laini ya kunyoosha mgongo inayouzwa mitandaoni haifanyi kazi hiyo. Kukanda huburudisha misuli tu. Pia kuna mgongo usiofaa kukandwa kabisa: mtoto mwenye maumivu yanayomwamsha usiku, homa za jioni, kukonda, na nundu iliyochongoka katikati ya mgongo huenda ana kifua kikuu cha mifupa. Miguu ikianza kulegea, au mkojo ukimtoka bila kujua, uti wa fahamu unaopita ndani ya mgongo umebanwa. Huyo apelekwe hospitali leo hii.