Firigisi ya Mkwe

Kabla ya mambo haya, kwa wakwe zangu Waluhya kule Khayega nilikuwa na heshima ambayo wanaume wengine huitafuta kwa ng'ombe. Nilikuwa nakula. Siku ya kwanza nilipopelekwa kuonyeshwa niliwekewa jogoo mzima, ugali wa ukubwa wa kofia ya pikipiki na bakuli la mrenda. Nikavimaliza vyote, halafu nikaulizia supu. Mama mkwe alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni, na maneno aliyoyasema nilitafsiriwa njiani tukirudi Kisumu: "Huyu Mjaluo hana dharau." Naamini kabisa kwamba siku ile mdomo wangu ulinipunguzia mahari kwa ng'ombe mmoja.

Sasa nendeni na mtu huyo huyo, miaka tisa baadaye, tumbo likiwa limekatwa.

Nilikuwa nimefika kilo 151. Magoti yalikuwa yanalia, sukari inaninyemelea, na usiku nilikoroma hadi nikanyamaza ghafla, mke wangu akaniamsha kuhakikisha kwamba bado napumua. Vijana wa boda pale Kondele wakiniona nakuja walianza kuangalia simu zao. Mmoja alikubali kunibeba kwa nauli ya watu wawili, akaniambia bila ubaya wowote, "Mzee, mimi naweza kunyamaza, lakini tairi inajua."

Basi nikaenda kupasuliwa. Daktari aliondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo, lililobaki akalishona likawa bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Ndizi moja, si mkungu. Wiki mbili za kwanza nilikunywa vitu vyepesi tu, supu iliyochujwa na maziwa. Zilizofuata nikala vilivyopondwa kama mtoto anayesubiri meno. Mtaalamu wa lishe akanipa sheria zake: anza na nyama, samaki au yai, ugali uje mwisho kama nafasi ipo, tafuna mpaka chakula kiwe uji, usinywe maji ukila, subiri nusu saa, na mwili ukikupa ishara, weka kijiko chini, hata kama kimefika mdomoni. Wengine ishara yao ni kupiga chafya, wengine pua kutiririka makamasi. Yangu ni kwikwi. Kwikwi ya kwanza ikitoka, duka limefungwa.

Siri hiyo niliijua mimi na mke wangu. Watu wa Khayega waliambiwa nimeanza mazoezi.

Mwezi wa nne baba mkwe akapiga simu. Alisema mama anauliza kama mkwe amekasirika, mbona haonekani, na kwamba kuna jogoo amefungwa mguu tangu Jumatano. Mtu akikufungia jogoo tangu Jumatano, huna la kusema. Jumamosi tukapanda matatu.

Nguo ndiyo ilikuwa shida ya kwanza. Nilikuwa na kilo 119 na suti ya kilo 151, maana sikutaka kushona nyingine wakati mwili bado unapungua. Mshipi niliutoboa matundu mapya kwa msumari. Ndani, kwa kuwa chupi zangu zote zilikuwa zimegeuka mapazia, nilivaa kaptula ya mpira kwa sababu ina kamba ya kukaza. Kaptula ya kijani. Ya Gor Mahia. Asiyejua soka ya Kenya na aelezwe: Gor ni timu yetu Wajaluo, AFC Leopards ni ya Waluhya, na zikikutana mechi inaitwa debi ya mashemeji. Mimi nilijiambia kaptula iko ndani, nani ataiona?

Mpango wa chakula tuliupanga tangu Kiboswa. Mke wangu angekaa karibu nami, nikila matonge mawili nikohoe mara tatu, naye abadilishe sahani kisirisiri. Tulipita Mbale, tukapita Chavakali, tunaurudia kama wezi wa benki. Kitu kimoja hakuna aliyekikumbuka. Khayega mkwe akija anakula na wazee sebuleni, na wanawake wanakaa jikoni.

Sebuleni nilimkuta baba mkwe na Kuka. Kuka ni ndugu ya babu yake mke wangu, mzee wa kofia ya ngozi na fimbo, ambaye mapenzi yake yote duniani yamegawanywa kati ya fahali wa kupigana na Ingwe, yaani hiyo hiyo Leopards. Alinitazama kwa muda mrefu, akanizunguka kama anavyomzunguka fahali kabla ya pambano.

"Umeugua?" akauliza.

"Mazoezi, Kuka."

"Fahali akipungua hivi sisi tunaita daktari."

Chakula kikaingia. Jogoo alikuwa amepikwa kiingokho hasa, kakaushwa kwanza kwa moshi kisha akachemshwa, harufu inakupiga hadi kwenye magoti. Ugali ulikuwa ule ule wa miaka tisa iliyopita, labda umekua. Na juu ya rundo la nyama, imelala peke yake kama mkuu wa wilaya, ilikuwa firigisi. Imondo. Kwa Waluhya hiyo hailiwi ovyo. Ni ya mwenye boma, na akiamua kumpa mgeni, amempa zaidi ya nyama. Baba mkwe akaisukuma kwangu kwa kidole.

"Ya mkwe wetu."

Ningeikataa vipi? Nikakata kipande. Ni nyama ngumu, inateleza, inarukaruka chini ya meno kama mpira. Nyumbani ningetafuna mara thelathini. Lakini jaribu wewe kutafuna mara thelathini mbele ya wazee wawili waliokwisha kula nusu sahani, wamenyamaza, wanakuhesabia. Kufika mara ya kumi na mbili nikaona aibu, nikameza. Cha pili nikatafuna mara nane. Cha tatu, nafikiri, kilijiendea chenyewe.

Nikakohoa mara tatu kama tulivyokubaliana.

Mlango ukafunguliwa. Badala ya mke wangu akaja shemeji mdogo, kanibebea bakuli la supu. "Dada amesema labda imekukwama, ongeza mchuzi."

Hapo ndipo ilipokuja. Hik!

Baba mkwe akacheka. Kuka akaweka tonge chini. "Kuna mtu anakutaja huko kwenu," akasema, na papo hapo akamimina maji kwenye glasi kubwa, hadi juu kabisa. "Kunywa yote bila kupumua."

"Kuka, nitakunywa baadaye kidogo."

"Mtoto wa watu atakufa kwa kwikwi mbele yangu? Kunywa!"

Nikanywa. Najua, najua. Lakini wewe hujamwona Kuka akiwa ameshika fimbo.

Wenzangu waliopasuliwa wanajua kilichofuata. Firigisi imeziba mlango, maji yamefika juu yake, hayana pa kwenda. Kifua kinabana kana kwamba mtu amekuwekea tofali ndani. Halafu mwili, kwa huruma zake, unaanza kutoa mate mazito ili kilichokwama kiteleze. Mate hayo si ya kawaida. Ni povu, povu la Omo, na linaongezeka. Nikafunga mdomo. Mashavu yakajaa. Baba mkwe akaniuliza habari za bei ya samaki Kisumu, nikajibu kwa kutikisa kichwa. Akauliza imepanda au imeshuka, nikatikisa tena. Macho yakaanza kutoa machozi.

Nikainuka, nikatoka mbio.

Choo kiko nyuma ya migomba, kama hatua arobaini kutoka mlangoni. Nilifika ya kumi na tano. Mshipi, ambao ulikuwa umevumilia tangu Kisumu, ukaachia kwenye tundu la msumari. Suruali ya kilo 151 haishuki taratibu jamani, inaanguka kama pazia la hema. Ikanifunga vifundo vya miguu, nikaenda chini kwa magoti, na nilipoinua uso nikamwona mama mkwe amesimama mbele yangu, ameshika sufuria ya ugali wa pili.

Niseme wazi uzito wa jambo hili. Mimi na mama mkwe hatushikani mikono. Kiti anachokalia sikikalii. Tukikutana njiani mmoja wetu anakumbuka shughuli vichakani. Na sasa nimempigia magoti uani kwake, suruali kwenye vifundo, povu mdomoni, machozi yananitiririka kama lile Jiwe Linalolia pale Ilesi. Nilijaribu kusema "samahani mama". Kilichotoka si samahani. Zilitoka maji, povu, na vipande vitatu vya firigisi, vizima kama nilivyovikata.

Sufuria ikaanguka. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso, akageuka, akapiga ukemi uliofika barabara ya Shinyalu. Kuku mmoja akaja mbio, akadonoa kipande cha firigisi, akakimbia nacho. Sitaki kufikiria kama alikuwa mjane wa marehemu.

Ajabu ni kwamba mimi nilikuwa tayari nimepona. Kilichokwama kikishatoka, unajisikia kama malaika. Nilikuwa nataka kuinuka niombe msamaha kwa lugha sanifu, lakini wazee walikwisha fika.

"Maziwa! Leteni maziwa!" Kuka akapiga kelele. "Mkwe kalishwa sumu!"

Neno hilo likabadilisha hewa ya boma lote. Majirani wakawa wamefika kwenye ua, na wote wamesikia: mkwe, chakula cha mama mkwe, sumu. Katika kijiji neno kama hilo halifutiki, litakwenda hadi kwa wajukuu. Nikamtazama mke wangu, akanitazama. Akaja katikati ya uwanja, akanifunga leso kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani wa tatu:

"Hakuna sumu. Mume wangu alikatwa tumbo."

Kimya.

"Na nani?" akauliza Kuka, akikaza fimbo.

Tuliketi chini ya mwembe karibu saa nzima. Niliwaonyesha makovu matano madogo. Nikaeleza kuhusu sukari, magoti na kukoroma. Baba mkwe alisikiliza kwa upole, akauliza kama inauma. Kuka ndiye aliyetoa maswali mazito.

"Kwa hiyo tumbo lako sasa ni la kiasi gani?"

Nikamwonyesha kikombe cha chai kilichojaa nusu.

"Na lile lingine, walilizika wapi?"

"Sijui, Kuka. Lilibaki hospitali."

"Hukuuliza?"

"Nilikuwa nimelala."

"Na ulipoamka?"

Sikuwa na jibu. Akawageukia majirani kama wakili aliyemaliza kesi. "Mtu anaacha robo tatu ya tumbo lake kwa watu asiowajua, na hilo tumbo ndilo lililokula kuku wetu wote wa miaka tisa!" Niliangalia chini. Ukitazama kwa jicho lake, mzee alikuwa na hoja.

Nikadhani tumemaliza. Nikainuka kuaga, leso ikafunguka kidogo pembeni, na Kuka akaona kijani.

Akainama. Akasogea. Akainua pindo la leso kwa ncha ya fimbo.

"Hii ni nini?"

"Ni kaptula, Kuka."

"Ya nani?"

Boma lote linajua Kuka huwa hasahau matokeo ya debi hata moja. Alirudi nyuma hatua mbili, akaketi. Kuanguka kwa suruali mbele ya mama mkwe, akasema, ni ajali, na ajali ina utaratibu wake: leso mpya kwa mama na mbuzi mmoja. Tumbo nalo ni mambo ya daktari. "Lakini huyu mtu ameingia katika boma hili, akakaa kwenye kiti changu, akala imondo yetu, huku amejifunga Gor Mahia kiunoni!" Akaongeza faini ya pili, jezi ya buluu ya Ingwe, saizi yake, na niivae mimi siku ya kuileta mpaka nifike mlangoni pake.

Jioni, kabla hatujaondoka, mama mkwe alituma chakula kupitia kwa shemeji mdogo. Safari hii hakukuwa na ugali wa kofia ya pikipiki. Lilikuwa bakuli la plastiki lenye picha ya sungura, la mjukuu wa miaka miwili. Ndani yake mlikuwa na nyama ya kidari iliyochambuliwa nyuzi nyuzi, laini, na mrenda kidogo pembeni. Maji hayakuwapo. Mtu alikuwa ameuliza maswali huko jikoni na kusikiliza majibu. Nikala polepole, nimeketi mkekani na mwenye bakuli. Yeye alimaliza lake kabla yangu, akasogea, akaanza kula langu pia, nami nikamwachia.

Njiani mke wangu alinyamaza hadi Chavakali. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka Majengo, akacheka mpaka makanga akauliza kama mama yuko sawa.

Chini ya kiti kulikuwa na jogoo mwingine, hai, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mama mkwe alisema huyo ni wa deni, kwa kuwa yule wa kwanza sikumla sawasawa. Tumeshindwa kumchinja. Kila mlo nikiweka kijiko chini, yeye ndiye anayemaliza kilichobaki. Yuko nyuma ya jiko letu hapa Kisumu, amenenepa, na wiki iliyopita alijaribu kuruka ukutani akashindwa, akabaki chini anahema. Mke wangu anasema kilo zangu hazikupotea, zimehamia tu.