Miaka mitatu ya kulishinda soko haitoshi

Wiki iliyopita mama yangu mdogo, ambaye amestaafu mwaka huu, aliniletea kijitabu cha mfuko wa uwekezaji wa pamoja akitaka nimwambie kama aweke humo kiinua mgongo chake. Ukurasa wa kwanza ulijaa mchoro unaoonyesha kwamba mfuko huo umelishinda soko la hisa kwa miaka mitatu mfululizo. Ada ya usimamizi, asilimia 1.5 kwa mwaka, ilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo ambayo hata kwa miwani yake hakuweza kuyasoma. Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka.

Mwaka 1991 mwanauchumi William Sharpe alieleza jambo ambalo kila mstaafu angepaswa kuelezwa kabla ya kutia sahihi popote. Wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko lenyewe. Wale wanaofuata faharisi, yaani wanaonunua hisa za soko zima bila kuchagua, hupata kile ambacho soko limetoa. Kwa hiyo wale wanaochagua hisa, wakijumlishwa wote, nao hawana budi kupata kiasi hichohicho, kwa kuwa meneja anayepata zaidi amekipata kutoka kwa mwenzake aliyepata pungufu. Hapo gharama hazijaondolewa. Ukishaondoa mishahara ya wachambuzi, malipo ya madalali na ada ya usimamizi, kundi la wachaguzi kwa wastani litabaki nyuma, na litabaki nyuma hata kama kila meneja ndani yake ni hodari, msomi na mwaminifu.

Asilimia 1.5 inaonekana ndogo mpaka uipe muda. Fedha 100 zikikua kwa asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 30 zinakuwa takribani 761. Ukiondoa ada hiyo, zikikua kwa asilimia 5.5, zinakuwa takribani 498. Zaidi ya theluthi ya mavuno imekwenda kwa mtu ambaye hakuweka hata senti yake hatarini, na ambaye hulipwa ada hiyo hata mwaka ambao mfuko umepata hasara.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mahodari wa kweli wapo. Peter Lynch aliuongoza mfuko wa Magellan kuanzia 1977 hadi 1990 kwa faida ya wastani wa takribani asilimia 29 kwa mwaka, na sithubutu kusema hiyo ilikuwa bahati tupu. Lakini ni nani angemtambua mwaka 1977? Bill Miller naye aliishinda faharisi ya S&P 500, ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, kila mwaka kuanzia 1991 hadi 2005, miaka 15 bila kukosa, na mwaka 2008 mfuko wake ukapoteza zaidi ya nusu ya thamani. Wanaoniumiza moyo ni wale walioingia mwishoni mwa miaka hiyo 15, wakiwa wameiamini rekodi kama mama yangu mdogo alivyouamini mchoro ule.

Dau la Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, kwamba kwa miaka kumi mfuko wa faharisi ungeishinda mifuko ya wachaguzi, linajulikana: kuanzia 2008 hadi 2017 mfuko wa faharisi ulipanda kwa asilimia 125.8, ilhali kati ya mifuko mitano iliyoshindanishwa nao, kila mmoja ukiwa umekusanya mifuko ya mameneja wengi, uliofanya vizuri zaidi ulipata asilimia 87.7 na wa mwisho asilimia 2.8.

“Kwa hiyo, mwanangu, huyu kijana aliyenipa kijitabu ananidanganya?” aliniuliza. Nilimjibu kwamba huenda mchoro ni wa kweli kabisa, lakini mifuko inayoshindwa hufungwa au kuunganishwa na mingine, na haichorwi tena. Nimemwomba arudi kuuliza kampuni hiyo imewahi kuanzisha mifuko mingapi, na mingapi kati yake imekwisha kufungwa. Ameuliza mara mbili, na mpaka leo hajajibiwa.