Acheni kupuliza filta ya hewa kwa kompresa

Kiangazi kimeshika, na Jumapili jioni kwenye sehemu za kuoshea magari hapa Arusha mambo ni yale yale. Pikipiki kubwa zinarudi kutoka Ziwa Natron, vumbi limejaa mpaka kwenye spoki. Zinaoshwa, zinapakwa sabuni mara mbili, cheni inapuliziwa dizeli. Mwishoni mtu anakumbuka filta ya hewa. Inachomolewa, inapigwa upepo wa kompresa sekunde kumi, wingu la vumbi linatoka, kila mtu anaridhika, inarudishwa. Hizo sekunde kumi ndizo zinazoniuma.

Vumbi la huku si la mchezo, wakuu. Ukishaipita Engaruka kuelekea Engare Sero, kijiji cha karibu na Ziwa Natron, unakanyaga udongo wa volkano, na Ol Doinyo Lengai iliuongezea majivu mwaka 2007 na 2008. Ni laini kama sembe, lakini ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Chembe yake ikipita filta inanasa kwenye utando wa oili ukutani mwa silinda, na ringi za pistoni zinaiburuta juu na chini maelfu ya mara kwa dakika. Huo ni msasa. Ile mistari midogo inayoshikilia oili kwenye silinda inafutika, ringi zinaacha kuziba, kompresheni inashuka, moshi wa bluu unaanza. Hapo oili ya bei yoyote haitasaidia. Ni kufungua injini, na silinda iliyopakwa nikeli kiwandani haichongwi kama ya bodaboda ya Boxer, unanunua nyingine.

Sasa, kwa nini kompresa? Filta ya karatasi ina nyuzi zilizoshikana kwa kubana sana. Upepo mkali wa karibu unazipanua na kutoboa vitundu ambavyo jicho halivioni. Ukipuliza kutokea nje ndiyo mbaya zaidi, maana unalisukuma vumbi kuelekea upande wa injini. Halafu kuna zile za karatasi zilizolowekwa oili kiwandani, ambazo Honda nyingi zinatumia. Ile oili ndiyo inayonasa vumbi. Watu wanaiona inanata, wanadhani ni uchafu, wanaiosha kwa petroli. Hiyo haioshwi wala haipulizwi. Ikichafuka inatupwa.

Filta ya sponji, kama ya Suzuki DR650, ndiyo rafiki wa barabara zetu kwa sababu inarudi upya kila mara, mradi uifanyie haki. Iloweke kwenye mafuta ya taa, iminye kwa viganja, usiinyonge kama nguo, kwa sababu maungio ya gundi yanaachia. Petroli nayo inaila gundi polepole, iache. Osha tena kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza kutokea ndani kwenda nje, anika kivulini mpaka ikauke kabisa; maji yakibaki ndani, oili haishiki. Kisha mimina oili ya filta ya sponji, uikande mpaka rangi iwe moja kila mahali, minya iliyozidi isidondoke hata tone. Oili ya injini inafaa ukikwama porini tu, kwani inateremka chini na kuiacha sehemu ya juu kavu. Mwisho, paka grisi nyembamba kwenye ukingo unaokaa kwenye boksi la filta. Sponji safi isiyoziba pembeni haina kazi yoyote.

Ukitaka kujua hali yako leo, usiiangalie filta. Itoe, vaa kitambaa cheupe kidoleni, pitisha ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta au injeksheni. Kitambaa kikitoka na alama ya oili tu, uko salama. Kikitoka na ukungu wa kahawia unaokwaruza, vumbi limeshapita, na kazi ya kwanza ni kutafuta njia yake: ukingo uliopinda, klipu ya mpira iliyolegea, au kile kimpira cha kutolea maji chini ya boksi ambacho kimedondoka bila mtu kujua. Usiwashe kabla hujaipata.

Nakubali, filta halisi ni ghali, na kwa pikipiki kubwa unaweza kuisubiri wiki kadhaa. Sawa. Agiza mbili mapema, kabla ya Juni. Kwa sponji, beba ya pili imeshapakwa oili, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Mkifika Engare Sero usiku unabadilisha kwa dakika kumi, unaosha mkirudi. Kwenye msafara wa vumbi kweli, sponji ibadilishwe kila siku, hata kama mmetembea kilomita 150 tu. Filta za kitambaa zinazosifiwa kwa kuongeza nguvu, mimi sizikubali kwa njia za huku.

Upepo wa tairi, kaza nati za keria, cheni isivutwe sana: haya yote tunajua, na tairi mbovu utaiona. Filta haikuambii kitu mpaka silinda imeshaliwa.

Na kukaa nyuma ya Land Cruiser kwa kilomita 40 ukisubiri nafasi ya kupita, acheni. Simama, acha vumbi litue, au kaa upande ule upepo unakotokea. Msafara wa pikipiki nao uachane mpaka umwone mwenzako bila kuonja vumbi lake. Wa mwisho kwenye foleni ndiye anayefungua boksi kwanza jioni, na kwa watu wa Moshi wanaozunguka Rundugai na Chemka hii inawahusu hata kwa safari ya nusu siku. Kabla ya kuosha pikipiki, zibeni mdomo wa boksi kwa kitambaa. Ile mashine ya maji ya presha inaingiza tope ndani ya filta mliyoihangaikia.